Mkuu wa shule anaandika habari za rangi yake, sio kwamba anaadhibiwa

Wazazi wetu hapa Marekani wamekuwa wakituuliza sana, kwa nini mtu anayesomea ukuu wa shule anaambiwa aandike kuhusu rangi ya ngozi yake badala ya kusoma bajeti na ratiba? Bajeti anasoma pia. Mimi ni mmoja wa wanaowafundisha, chuo kimoja hapa Ohio, acha niwaeleze.

Anaandika kurasa chache tu: lini alijua mara ya kwanza kwamba ana rangi, nyumbani walikuwa wanasemaje, shuleni kwao watoto gani walikuwa wanatolewa nje ya darasa. Wazungu wengi wanaandika mstari mmoja wanakwama, na hapo ndo kazi inaanza, maana mwaka 2020-21 wakuu 77 kati ya kila 100 wa shule za umma walikuwa wazungu, na barua za kusimamisha watoto masomo wanasaini wao. Mwaka wa masomo 2017-18 watoto weusi walikuwa kama 15% ya wanafunzi wote lakini kwenye waliosimamishwa walikuwa 38%.

Chukua mtoto wa Kikongo, kwao mkubwa akikugombeza unainamisha macho. Mwalimu anamwambia niangalie, mtoto anazidi kuinama, heshima yake inaandikwa kiburi, barua inafika mezani kwa mkuu. Mkuu aliyeshajiuliza nani alimfundisha kwamba macho chini ni kiburi atasita, atamwita mtoto amsikilize. Tunafundisha huko kusita. Hatumwambii mtu ajichukie.

Na ile ya "sisi Waafrika, hayo ni mambo ya Wamarekani weusi" jamani tuiache, kwenye fomu ya shule watoto wetu na wa kwao wanawekwa kisanduku kimoja.

Kuandika peke yake hakutoshi ndo maana sheria ipo. Kesi ya Goss na Lopez, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani 1975, ilianzia hapahapa Columbus, inasema hata kusimamishwa siku 10 au pungufu mtoto aambiwe kosa lake, akikana aelezwe ushahidi, na ajieleze kabla hajaondoka, labda awe ni hatari kwa watu au mali, au anavuruga masomo, hapo atasikilizwa baadaye lakini mapema. Mkalimani analetwa na shule bure, msimtumie mtoto. Mkiona ubaguzi, Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inawaruhusu kulalamika Ofisi ya Haki za Kiraia ya Wizara ya Elimu, na shule inaweza kunyimwa pesa za serikali kuu, ila mnazo siku 180, zinahesabiwa toka siku ya tukio, sio siku mliyopata mtu wa kuwasomea barua.