Safu ya Nyumba: Kuzisoma Sensa za Vijiji vya Uingereza vya Karne ya 19

Wengi wanaofungua sensa za Uingereza za karne ya 19 hukimbilia safu ya idadi ya watu. Mimi, baada ya miaka mingi ya kuyapekua madaftari hayo, huanza na safu ya nyumba, kwa sababu katika vijiji vingi idadi ya watu ilifuata idadi ya nyumba. Wenyewe walianza hivyo: swali la kwanza la sensa ya mwaka 1801 liliuliza ni nyumba ngapi zinakaliwa, zinakaliwa na familia ngapi, na ngapi ziko tupu.

Neno parokia lisitupotoshe. Kwetu huleta picha ya kanisa na paroko, lakini huko ilikuwa pia ngazi ya utawala iliyotoza ushuru na kwa ushuru huo kuwatunza maskini wake. Wake, yaani wale tu waliotambuliwa kisheria kuwa na haki ya ukaazi hapo. Asiyekuwa na haki hiyo, akiomba msaada, aliweza kurudishwa alikotoka.

Sasa chukua kijiji ambacho ardhi yote ni ya kabaila mmoja. Kila nyumba ya kibarua ni familia ambayo kesho inaweza kuugua, kuzeeka au kukosa kazi, na gharama ya kuilisha itaiangukia ardhi yake. Basi nyumba ikichakaa haikarabatiwi. Mpangaji akifa au akihama, inabomolewa. Vibarua bado walihitajika mashambani, ila walilala kwingine, katika vijiji vya jirani ambako ardhi iligawanyika kwa wamiliki wadogo wengi, na ambako mwenye duka au seremala aliweza kubananisha vijumba duni kwenye kiwanja kimoja na kuvipangisha. Vile vya kwanza viliitwa parokia zilizofungwa, hivi vya pili parokia zilizo wazi. Castle Acre, katika Norfolk, ilipata sifa mbaya kwa hilo: iliwapokea watu wasiotakiwa na majirani, na kutoka hapo makundi ya wanawake na watoto yalitembea kila asubuhi kwenda kulima mashamba ya mbali chini ya nyapara, mpaka Bunge lilipoyawekea sheria mwaka 1867.

Ubomoaji huo haukuwa uvumi tu. Dkt. Henry Julian Hunter alipochunguza makazi ya vibarua wa mashambani mwaka 1864, kwa niaba ya idara ya tiba iliyoongozwa na John Simon, ilionekana kwamba katika parokia na vitongoji 821 watu wa mwaka 1861 walikuwa asilimia 5⅓ zaidi ya wale wa 1851, huku nafasi ya nyumba ikiwa imepungua kwa asilimia 4½. Idadi ya watu peke yake ingekuambia kwamba vijiji hivyo vinastawi.

Ndiyo maana hugawanya idadi ya watu kwa nyumba zinazokaliwa kabla ya kusema lolote. Nyumba zikipungua na wakaaji wa kila nyumba wakiongezeka, nashuku bomoabomoa. Kuanzia miaka ya 1870 sura hubadilika: ngano ya bei nafuu kutoka Marekani inaingia, mashine zinachukua kazi ya mavuno, reli inawabeba vijana na wasichana wanaokwenda kutumika majumbani mjini. Hapo nyumba tupu huongezeka, na wakaaji wa kila nyumba hupungua. Kaunti ndogo ya Rutland, iliyokuwa na watu karibu 23,000 mwaka 1851, ilikuwa chini ya 20,000 mwaka 1901.

Mgawanyo huo una mitego yake. Jengo moja la kuwahifadhi maskini, ya aina iliyoenea baada ya sheria ya mwaka 1834, linaweza kuhesabiwa kama nyumba moja yenye mamia ya watu, na likavuruga hesabu ya parokia nzima. Sensa ya 1841 ilifanyika Juni 6, majira ambayo vibarua wa msimu hulala popote. Ile ya 1851 ilisogezwa hadi Machi 30. Kisha kuna mistari ya karani. Katika madaftari ya 1841 vistari viwili vya mshazari humaliza nyumba, na kimoja humaliza familia ndani ya nyumba hiyohiyo. Nilipokuwa mgeni wa kazi hii nilivichanganya kwa kijiji kizima, nikapata nyumba nyingi kuliko zilizokuwapo, na nusura niandike kwamba kabaila wa pale alikuwa mjenzi hodari.

Mwaka 1865 gharama za maskini zilihamishwa kutoka parokia mojamoja hadi kwenye muungano wa parokia kadhaa, na sababu ya kubomoa ikaisha. Nyumba hazikurudi upesi, na sioni ajabu. Miaka ya 1850–51 James Caird alikuta wastani wa mshahara wa kibarua ukiwa shilingi 11 na peni 6 kwa wiki kaskazini, na shilingi 8 na peni 5 kusini. Kodi ambayo mtu huyo angeweza kulipa haikumvutia mjenzi yeyote wa nyumba imara. Serikali yenyewe ilichelewa kuuliza juu ya ukubwa wa nyumba: ni sensa ya 1891 iliyoitaka kaya yenye vyumba chini ya vitano itaje idadi yake.