Usitupe laini ya duka kwa sababu ya simu za kukosea

"Nabadili laini, nimechoka." Wiki mbili zilizopita nimeisikia kauli hii mara tatu, ya mwisho kutoka kwa mama anayeuza mitungi ya gesi karibu na stendi ya Msamvu, Morogoro. Kazi yangu ni kusajili laini na kuwapangia wenye maduka madogo mambo yao ya simu. Sijaona dhana inayowatia watu hasara kama hii ya kudhani laini mpya ndiyo dawa ya usumbufu. Hii nitaieleza kwa kirefu, nyingine nitazipitia haraka.

Dhana: Simu za kukosea zikizidi, tupa laini, sajili nyingine.

Laini mpya mara nyingi haina namba mpya. Namba isiyotumika kwa miezi kadhaa hufungwa na mtandao, kisha hurudi sokoni. Hiyo unayoisajili leo huenda ilikuwa ya fundi aliyekimbia na pesa za watu, na wanaomdai bado wamemhifadhi kwenye simu zao. Watakupigia wewe. Hata zile programu zinazoonyesha jina la mpigaji huchota majina kutoka kwenye simu za watu, kwa hiyo ukimpigia mteja anaweza kuona "tapeli wa makochi" badala ya jina la duka lako. Umekimbia watu wanaoulizia kitu kisicho chako, umeangukia mikononi mwa watu wanaokudai deni lisilo lako.

Na ile uliyoitupa? Imo kwenye bango, kwenye risiti, kwenye kuta za nyumba ambazo wateja wameiandika kwa mkaa. Itapewa mtu mwingine, na mteja wako wa miaka mitano atampigia huyo kuagiza mtungi, pengine na pesa atamtumia. Benki na mitandao ya kijamii nayo itaendelea kutuma namba za uthibitisho hukohuko. Kama shida yako ni mtandao kukatika, tangu Machi 2017 hapa Tanzania unaweza kuhama mtandao ukabaki na namba yako ileile. Hakuna sababu ya kuipoteza.

Yule mama nilimwomba avumilie siku mbili. Nikachukua daftari lake la madeni, nikapiga mistari mitatu kwenye ukurasa wa nyuma: saa ngapi, anamtaka nani, namba ameipata wapi. Hapo pa tatu ndipo penye kazi, na ndipo watu wasipogusa. Wanasema "umekosea namba", wanakata. Dakika mbili baadaye yuleyule anapiga tena, kwa sababu hakukosea kubonyeza. Namba aliyopewa ndiyo hiyohiyo.

Simu ya kwanza iliingia saa kumi na robo alfajiri. "Dada, basi la Dodoma limeshatoka?" Hadi jioni ya siku ya pili daftari lilikuwa na simu kumi na nne, na kumi na moja zilitaja kitu kimoja: namba ipo kwenye tiketi. Msafiri mmoja alikubali kutupigia picha tiketi yake. Namba ya ofisi ya mabasi inaishia 36, lakini kwenye kile kitabu cha tiketi ilichapwa 63, na 63 ndiyo ya mama. Tulikwenda na ile picha hadi dirishani. Kijana wa tiketi aliitazama, akavuta vitabu vilivyobaki, akaanza kusahihisha kwa kalamu ukurasa kwa ukurasa, sisi tumesimama palepale. Wiki hii mama amepata simu mbili tu, zote za waliokata tiketi kabla ya siku ile.

Kwa hiyo kabla hujakata simu, uliza: "Samahani, namba hii umeipata wapi?" Nawaomba wateja wangu waliandike swali hili kwenye karatasi na kulibandika kaunta. Jibu linaweza kuwa bango la jirani, kikundi cha WhatsApp au kadi ya harusi iliyochapwa vibaya, na kote huko kuna mtu wa kumwendea akasahihisha. Ukibadili laini bila kuuliza, hujui hata ulikuwa unakimbia nini.

Kama umeshabadili, bado kuna la kuokoa. Laini ya zamani iweke kwenye kitochi, bonyeza \*\*21\* kisha namba mpya kisha #, piga. Simu zitahamia kwenye laini mpya. Dakika hukatwa kwenye laini inayohamisha, kwa hiyo iwekee salio, na uwe unaitumia mara mojamoja isije ikafungwa. Siku ukitaka kuondoa, piga ##21#.

Dhana: Kupokea kwa "halo" kunatosha.

Hakutoshi. Taja duka: "Gesi Msamvu hapa, karibu." Aliyekosea anajijua papo hapo kabla hajaanza kukusimulia habari za mgonjwa wake, na mteja halisi anajua amefika.

Dhana: Mteja anayepiga mara tano ni msumbufu wa asili.

Hili linaniudhi, maana nimekaa kwenye maduka na kusikia simu hizo zinavyozaliwa. Mteja ameambiwa "boda yuko njiani", na boda bado anakunywa chai. Baada ya robo saa anapiga, anaambiwa "anakaribia". Anapiga tena. Wewe ndiye uliyemfundisha kwamba bila kupiga hapati kitu. Mpe muda wa kweli hata kama ni mrefu, mtumie namba ya boda, na kukiwa na kuchelewa mpigie wewe kwanza. Mama wa gesi alijaribu hilo kwa siku tatu, na simu za "mmefikia wapi" zikapungua hadi akadhani simu ina matatizo.

Dhana: Anayebip hana pesa, achana naye.

Ameishiwa salio tu, pesa ya mtungi anayo. Nunua bando la dakika, mpigie. Usiyopaswa kuirudia ni namba ya nje ya nchi usiyoijua iliyolia mara moja ikakata. Hiyo itakula salio lako.

Dhana: Anayepiga kutukana, dawa ni kumblock basi.

Mblock, lakini usifute ujumbe wake. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inahesabu kuwa ni kosa kutumia mawasiliano kwa kusudi la kumtishia au kumsumbua mtu, na polisi watataka kuona ushahidi.

Dhana: Mtu akisema amekutumia pesa kimakosa, uungwana ni kumrudishia hapohapo.

Kwanza angalia salio lako lenyewe. Usiuamini ujumbe peke yake, kwa sababu ujumbe unaofanana na wa muamala mtu yeyote anaweza kuuandika. Hata kama pesa imeingia kweli, usiitume kwa mkono wako. Mwambie apige 100 ya mtandao wake, muamala urudishwe na wenye mtandao. Aliyekosea kweli atakubali, tapeli atazidisha haraka na vilio. Na anayejiita huduma kwa wateja akipiga kwa namba ya kawaida, kata, kwa sababu mitandao yetu hupiga kwa 100 tu. Namba ya tapeli itume kwa ujumbe kwenda 15040, ambako utapeli wa simu huripotiwa. Haya yote mfundishe na binti wa kaunta, kwa sababu siku ukienda kufuata mzigo, simu ya duka anaipokea yeye.