Kabla hujauliza nondo saizi gani, angalia kwanza zimekaa juu au chini

Jumamosi moja saa moja jioni nimeshakaa mezani, simu ikaita. Mzee mmoja wa Uyole, hapa Mbeya, mwanae tulisoma wote. Shikamoo mzee, marahaba mwanangu, hamjambo huko, hatujambo, alafu akaenda moja kwa moja kwenye jambo lake: "Mwanangu, nondo za balkoni tuweke za milimita 12 au za 16? Maana fundi anamwaga zege kesho asubuhi."

Nikamuuliza hiyo balkoni imetoka nje kiasi gani. Akasema kama mita moja na nusu, na urefu wake mita nne hivi. Kuna nguzo huko mbele? Hapana, inaning'inia tu, nataka gari ipite chini yake. Sasa mzee, hizo nondo zilizopo zimekaa juu au zimekaa chini?

Kimya. Alafu akasema, "Hilo anajua fundi."

Nikamwomba anipigie picha. Picha ikaja WhatsApp, na kwa kweli ilikuwa kazi safi kwa macho, nondo za 12 zimepangwa kwa nafasi sawasawa, kila makutano yamefungwa waya, mbao zimebanwa vizuri, milunda ya kushikilia mbao imesimama wima. Ila nondo zote zimelala chini kabisa, zinagusa mbao. Niliacha chakula nikachukua ufunguo wa gari.

Naomba nieleze hapa taratibu kwa sababu hili ni jambo ambalo likishakuingia halikutoki. Zege ni kali sana ukilibana, lakini ukilivuta ni dhaifu, nguvu yake ya kuvutwa ni kama sehemu moja ya kumi tu ya ile ya kubanwa. Nondo tunaiweka ili ishike pale ambapo zege linavutwa. Slabu ya kawaida inayolala juu ya ukuta huu na ukuta ule, ikibeba mzigo inataka kubonyea katikati, kwahiyo upande wa chini ndo unavutwa na nondo kuu zinakaa chini. Fundi yule kamwaga slabu za namna hiyo maisha yake yote, mkono umeshazoea, chini ni chini. Lakini balkoni imeshikwa upande mmoja tu, ncha ya mbele inataka kushuka, kwahiyo panapovutwa ni juu, hasa pale inapotokea ukutani.

Kwenye gari huwa nina kipande cha godoro, urefu kama rula, nimekichora mistari ya kalamu pande zote mbili. Tulifika pale saitini usiku, tunamulika kwa tochi za simu, nikamshikisha fundi ncha moja nikamwambia aibane kwa viganja viwili kama ukuta, mimi nikabonyeza ncha ya pili. Mistari ya juu ikaachana, ya chini ikasogeleana. Akaangalia, akaniambia nibonyeze tena, nikabonyeza tena, alafu akageuka akaangalia zile nondo zake na hakusema neno kwa muda, kisha akasema "basi kesho hatumwagi." Namheshimu sana yule kijana mpaka leo kwa sentensi ile, maana vibarua walishaitwa na kokoto zilishashushwa.

Ile balkoni, mita moja na nusu kwa nne kwa unene wa milimita 150, zege peke yake lina uzito unaozidi tani mbili, ni kama mifuko 43 ya saruji imening'inia hewani kabla hajakanyaga mtu hata mmoja. Tukaziinua nondo kuu juu, tukakunja vipande vya nondo kama vigoda vya kuzibebea ili watu wakikanyaga siku ya kumwaga zisishuke, tukaacha milimita 25 za zege la kuzifunika, na zikaingia ndani ya slabu ya chumbani mita mbili na robo ili zipate pa kushikia, kwa sababu nondo inayoishia ukutani haishiki kitu. Saizi tuliihesabu mwishoni kabisa baada ya hayo yote.

Sasa fikiria kama ningemjibu alichouliza. "Weka za 16 mzee." Angenunua nondo mpya, angelala ametulia kwamba kauliza mtaalamu, na balkoni ingekuwa na chuma kingi zaidi mahali pasipohitajika. Siku milunda inatolewa ndo wangejua.

Hili ndo jambo ninalotaka kulisema leo. Mtu akija na swali la ujenzi mara nyingi kashachagua kipande kimoja, saizi ya nondo, reshio ya zege, dawa ya kuziba ufa, na anataka jibu la kile kipande tu, wakati kinachobeba nyumba kiko pembeni na hakukitaja kwa sababu hakujua kwamba nacho ni swali. Sio kosa lake. Kazi ya mhandisi ni kwenda kukitafuta, ila hawezi kukitafuta kama umempa neno moja la simu.

Na mimi mwenyewe nilijifunza kwa uchungu. Miaka ya mwanzo kabisa ya kazi, dada mmoja wa Iringa alinipigia kuhusu ufa sebuleni, akaniambia mwembamba, nyumba ina mwaka mmoja, nikamwambia hiyo ni plasta tu imekauka, wazibe wapake rangi. Wakaziba. Ukarudi. Mara ya tatu nikapanda gari nikaenda, na nilivyoona ile kona ya nyumba nikajua nilichokosa kuuliza. Iringa unaijua ilivyo, mawe makubwa yamejitokeza kila mahali, na ile nyumba kona moja ya msingi ilikuwa imekaa juu ya jiwe na upande wa pili juu ya udongo uliojazwa. Jiwe halishuki, udongo unashuka. Ule ufa ulikuwa unapanda kwa ngazi ukifuata maungio ya tofali, na juu ulikuwa mpana kuliko chini, yaani ule upande wa pembeni ulikuwa unaondoka. Kama ungekuwa mpana chini ningewaza katikati ya ukuta ndo panabonyea. Ningeuliza tu "upo wima au unakwenda kwa mshazari?" ningejua, na sikuuliza. Tangu siku ile sijibu ufa kwa simu.

Kwahiyo ukiwa na ufa, kabla ya kuuziba, weka alama ya penseli kila upande wa ufa, pima kati ya alama kwa rula, andika tarehe palepale ukutani. Baada ya wiki mbili pima tena, baada ya mwezi pima tena. Picha yako iwe na rula ndani, na nyingine uipige kutoka mbali ionyeshe ukuta mzima na mlango na dirisha. Ufa wa unywele kwenye plasta usikunyime usingizi. Ila ukifika milimita tano, au ukiona unaongezeka, au milango imeanza kugoma kufunga, usiendelee kuziba, ita mtu.

Alafu ardhi. Huku kwetu nyanda za juu ardhi inabadilika ukivuka mlima mmoja tu. Rungwe na Tukuyu umekaa juu ya majivu ya volkano, kuna tabaka za vijiwe vyepesi vyenye matundu ambavyo ukivitia kwenye ndoo ya maji vinaelea, na mvua ya kule inazidi milimita 2,000 kwa mwaka, sasa msingi uliosimama kwenye tabaka la hivyo bila kujua ni hatari. Shuka Mbarali kwenye bonde la Usangu ukute udongo mweusi wa mbuga, kiangazi unapasuka mpaka mguu unaingia, masika unavimba unanyanyua jamvi, yaani sakafu ya zege, na kuta. Na mteremko nao una habari zake, sisi wa Mbeya tuliona Aprili 2024 pale Itezi, udongo wa mlima Kawetere uliposhuka na kufunika nyumba. Ramani ya nyumba uliyochukua kwa ndugu yako Dodoma haijui chochote kuhusu hayo. Chimba shimo kiwanjani kwako, mita moja kwa moja, ushuke mita moja na nusu hadi mbili, kabla hata ya kununua tofali, upige picha tabaka zote zinavyobadilika na uweke mkanda wa kupimia pembeni. Kwangu mimi hilo shimo lina maana kuliko maelezo ya nusu saa kwenye simu. Nyumba ikiwa ya ghorofa shimo peke yake halitoshi, udongo uende maabara, ulizia hata pale MUST, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, ambako uhandisi ujenzi unafundishwa.

Swali jingine ninaloulizwa karibu kila wiki ni kama mkanda wa juu, yaani ule wa zege unaozunguka kuta zote, ni lazima, maana watu wanapofika kwenye lenta hela imeisha. Ndugu zangu, tunakaa kwenye bonde la ufa. Desemba 1910 tetemeko la Rukwa lilikuwa na ukubwa wa kama 7.4, ni moja ya makubwa kabisa yaliyowahi kupimwa Afrika Mashariki, na Desemba 2009 Karonga ya Malawi, hapo tu ukivuka Kyela, ardhi ilitikisika mfululizo na nyumba za tofali zikaanguka. Mkanda ndo unaofunga kuta nne zikatembea pamoja, bila huo kila ukuta unaanguka kivyake. Kama lazima upunguze kitu punguza urembo wa geti, punguza chumba, mkanda uuache. Hapo sina jibu la pili.

Kuna mambo ya simu pia, sikatai. Maji kwenye zege, kwa mfano: mfuko mmoja wa kilo 50 unataka kama lita 25, na mchanga ukiwa umeloa mvua unapunguza, fundi akiongeza ili zege litiririke lenyewe anakupunguzia nguvu ya zege. Kumwagilia zege maji kusipungue siku saba. Milunda usiitoe haraka miezi ya Juni na Julai, baridi yetu inachelewesha zege kukomaa, kwahiyo yule aliyekwambia siku saba zinatosha hata kwa balkoni usimsikilize, subiri hata wiki nne. Hayo nakujibu hata nikiwa kwenye daladala.

Na ujue unamuuliza nani. Fundi mzuri ni mali, ila kuhesabu mzigo sio kazi yake. Mchora ramani, yaani mbunifu majengo, anapanga vyumba na sura ya nyumba, mhandisi ndo anasema itasimamaje. Mpaka wa kiwanja ni wa mpima ardhi. Mhandisi anasajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1997, orodha yao ipo na jina unaweza kulitafuta, akikupa michoro ya nondo muombe aipige muhuri wake. Anayeona tabu kupiga muhuri kwenye hesabu zake mwenyewe, tafuta mwingine. Bei muulize siku ya kwanza, na mwambie ukweli wa mfuko wako, maana mtu akijua una hela kiasi gani anaweza kukuchorea nyumba inayojengeka kwa awamu ikiwa salama kila awamu.

Yule mzee wa Uyole balkoni yake imesimama mwaka wa nne sasa, gari inapita chini. Juzi kanipigia tena, anataka kupandisha tanki la lita 5,000 juu ya slabu ya jikoni. Nikamkumbusha hizo ni tani tano, mifuko mia ya saruji imewekwa mahali pamoja, na kabla sijamaliza akaniambia, "Ngoja mwanangu, nakutumia picha za nondo za jikoni nilizopiga siku ile kabla hatujamwaga." Zikaja picha sita. Kwenye kila moja kalaza mkanda wa kupimia, na kwenye ya mwisho fundi kashika kipande cha godoro ili nione upande upi ni juu. Nimemwambia naja Alhamisi nipime kuta za chini, tanki lisubiri.