Mamlaka ya mafundisho, na kwa nini Wakristo hawajibu swali la mageuko kwa sauti moja

Mwanafunzi wa sekondari hapa Tanga anafundishwa darasani kwamba binadamu ametokana na viumbe wa kale. Anakariri Olduvai na fuvu la Zinjanthropus lililopatikana mwaka 1959. Akipelekwa ziara Amboni, anaelezwa kwamba mawe yale ya chokaa yalikuwa chini ya bahari mamilioni ya miaka iliyopita, na maji ndiyo yaliyoyachonga yakawa mapango. Halafu siku ya ibada inafika. Akiwa Msabato atasikia kwamba dunia iliumbwa kwa siku sita kama hizi zetu, na si zamani sana. Akiwa Mkatoliki, padre huenda akamwambia asiwe na wasiwasi, mradi asimtoe Mungu kwenye hesabu. Wote wawili wameshika Biblia ileile, kitabu cha Mwanzo, sura ya kwanza.

Wengi hudhani tofauti inatokana na nani kasoma sayansi na nani hajasoma. Sikubaliani nao. Wapo Wasabato waliobobea kwenye baiolojia, na wapo Wakatoliki ambao ukiwatajia Darwin wanakunja uso. Kinachowatofautisha zaidi ni mamlaka ya mafundisho: nani kanisani mwenye haki ya kusema andiko hili linamaanisha hivi, na neno lake linamfunga muumini kwa kiasi gani.

Kwanza mageuko yenyewe, kwa kifupi. Viumbe hurithi sifa kutoka kwa wazazi, lakini si kwa kufanana moja kwa moja. Wale ambao sifa zao zinaendana na mazingira huacha watoto wengi zaidi, na baada ya vizazi vingi sana aina mpya hutokea. Charles Darwin alilichapisha wazo hilo mwaka 1859. Nadharia haisemi kwamba babu yako alikuwa sokwe. Inasema sokwe na binadamu wana wahenga wa pamoja. Wala haisemi lolote kuhusu kuwepo kwa Mungu, ingawa wapo wanasayansi wanaoitumia kwa kazi hiyo, na wapo wahubiri wanaowasaidia kwa kukubali kwamba ndiyo kazi yake.

Sasa tuje kwenye mamlaka. Kwa Wakatoliki, mwenye haki ya kufasiri kwa uhakika ni Majisterio, yaani Papa pamoja na maaskofu walio katika umoja naye. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia, ulisema mwaka 1965 kwamba Majisterio haiko juu ya Neno la Mungu bali inalitumikia, na kwamba msomaji lazima aangalie aina ya uandishi: shairi lisomwe kama shairi, historia kama historia. Hapo ndipo mlango wa mageuko ulipo. Ila usidhani ni mlango wa juzi. Augustino, askofu wa Hippo katika Algeria ya leo, alishaandika mwanzoni mwa karne ya 5 kwamba siku zile sita si lazima ziwe siku za kawaida. Yeye aliona Mungu aliumba vyote kwa mara moja. Aliwakemea pia Wakristo wanaosema mambo ya ovyo kuhusu nyota na wanyama mbele ya watu wanaoyajua, kisha wanayabandika kwenye Maandiko. Kemeo hilo bado lina kazi, hasa kwenye makundi ya WhatsApp ya jumuiya.

Jambo ambalo hata Wakatoliki wenyewe hulichanganya ni kwamba si kila kauli ya Papa ina uzito mmoja. Utasikia mtu barazani Ngamiani akisema "Papa keshakubali evolusheni", kana kwamba imetoka amri. Mwaka 1950 Pius wa 12 aliandika waraka kwa Kanisa lote, akaruhusu wataalamu kuchunguza kama mwili wa binadamu umetokana na kiumbe hai aliyetangulia, akasisitiza kwamba roho huumbwa na Mungu moja kwa moja. Hiyo ilikuwa ruhusa ya kuchunguza, si zaidi. Mwaka 1996 Yohane Paulo wa 2 alikiambia Chuo cha Kipapa cha Sayansi kwamba mageuko sasa ni zaidi ya dhana tu. Mwaka 2014 Papa Fransisko akawaambia wanasayansi wa chuo hichohicho kwamba Mungu si mchawi mwenye kifimbo. Hizo mbili za mwisho ni ujumbe na hotuba tu. Muumini anazipokea kwa heshima, lakini hazimlazimishi kuamini mageuko. Kinachomfunga ni kwamba Mungu ndiye Muumba wa vyote na kwamba binadamu ana roho kutoka kwake. Mkatoliki akiukataa ushahidi wa mageuko anaweza kuwa anakosea kisayansi. Kwenye imani hajakosa chochote.

Upande wa Kilutheri, ambao una mizizi mirefu Tanga na milima ya Usambara, kanuni ni Maandiko peke yake. Askofu anaheshimiwa, sinodi inaamua mambo ya kanisa, lakini hakuna kiti kinachoweza kufunga mjadala wa maana ya andiko. Martin Luther mwenyewe aliamini dunia haijafikisha miaka 6,000, na alimpinga Augustino waziwazi kwa kutozichukua siku sita kama siku. Leo Walutheri wengi Ujerumani hawaoni shida na mageuko, wakati Sinodi ya Missouri kule Marekani inashikilia siku sita. Kanuni ni ileile na hukumu ni mbili. Ukiondoa hakimu, ni kama mechi isiyo na refa: sheria kila mtu anazo, lakini goli la utata litabishaniwa hadi giza liingie.

Waanglikana, tunaowafahamu kwa misheni ya Magila karibu na Muheza, huweka mapokeo na akili kando ya Biblia. Frederick Temple aliyatetea mageuko kwenye mihadhara yake ya mwaka 1884, na mwaka 1896 akawa Askofu Mkuu wa Canterbury. Hawakumfukuza, walimpandisha.

Kwa Wasabato, waliofika milima ya Upare mwaka 1903, suala ni zito kuliko linavyoonekana, na nadhani majirani zao huwadharau bila kuwaelewa. Amri ya nne katika Kutoka 20 inaagiza Sabato kwa sababu Mungu aliumba kwa siku sita akapumzika ya saba. Ukizifanya siku zile kuwa mamilioni ya miaka, Jumamosi inabaki imesimama juu ya nini? Ndiyo maana mkutano wao mkuu wa dunia mwaka 2015 ulikaza maneno ya fundisho la sita katika orodha ya imani zao, wakaongeza kwamba uumbaji wa siku sita ulikuwa wa hivi karibuni. Makanisa mengi ya Kipentekoste nayo yanafundisha dunia changa, lakini kwao hoja ilipitia njia nyingine. George McCready Price, Msabato mzaliwa wa Kanada, aliandika mwaka 1923 kitabu cha jiolojia kinachoeleza tabaka za miamba kwa gharika ya Nuhu. Mwaka 1961 John Whitcomb na Henry Morris wakalieneza wazo hilo kwa Waprotestanti wengine. Kabla ya hapo walokole wengi wasomi waliona miaka mingi ya dunia si tatizo.

Mfano wa kwetu ni samaki aitwaye silikanti. Visukuku vyake, yaani mabaki yaliyogeuka mawe, vilionyesha alitoweka miaka milioni 66 iliyopita, mpaka alipopatikana mzima Afrika Kusini mwaka 1938. Tangu 2003 amekuwa akinaswa kwenye majarife pwani ya Tanzania, sana Tanga, na mwaka 2009 ikaanzishwa hifadhi ya bahari kwa jina lake. Ukimtazama mapezi yake ya nyama, yanayotoka mwilini kama vikono, unaelewa kwa nini wanasayansi walimhusisha na wanyama wa miguu minne. Mhubiri wa dunia changa humtumia samaki huyohuyo kusema: mbona hajabadilika? Kusema kweli amebadilika. Silikanti wa leo si wa jenasi (kundi la aina za karibu) ileile ya wale wa visukuku, na jeni zake zilizosomwa mwaka 2013 zinaonyesha mabadiliko ya polepole, si kusimama. Lakini hoja hiyo haimgusi mtu ambaye kwake Kutoka 20 imeshamaliza kesi.

Swali linalowasumbua hata waliokubali mageuko ni Adamu. Paulo katika Warumi 5 anasema dhambi iliingia kwa mtu mmoja. Wanajenetiki wanasema wahenga wetu hawakuwahi kupungua kufikia watu wawili tu, walikuwa maelfu. Waraka wa 1950 ulisema haionekani jinsi ya kupatanisha wazo la wahenga wengi na dhambi ya asili. Mwaka 2004 Tume ya Kimataifa ya Teolojia, iliyo chini ya Vatikano, ikazungumzia kutokea kwa binadamu wa kwanza, wawe mtu mmoja mmoja au kundi, bila kuchagua upande. Waraka wa Papa una uzito kuliko andiko la tume. Kwa hiyo Mkatoliki anayeuliza leo kama Adamu alikuwa mmoja anakabidhiwa karatasi mbili, nzito iliyo ya zamani na nyepesi iliyo mpya, na padre wake atabaki na kazi ya kumweleza kwa nini zote mbili bado ziko mezani.