Krete mwezi wa tatu: acheni kuniuliza habari za kuogelea

Napanga safari za Krete, kisiwa cha Ugiriki, na wiki hii nimeulizwa tena: "Dada, mwishoni mwa Machi maji ya Krete si yatakuwa yameshapata joto?" Hapana, jamani. Nimechoka kulijibu hili kwa ujumbe wa mtu mmoja mmoja, kwa hiyo naliandika hapa.

Mtu aliyekulia Tanga au Mombasa ana sababu ya kudhani kwamba jua likiwaka, bahari inaogeleka. Kwetu maji ya Machi yana nyuzi 29 hivi. Krete ni takriban 16. Watu hutazama joto la hewa kwenye simu, wakaona 18, wakaongeza na jua, wakapata ufukwe. Lakini bahari haiendi sambamba na hewa. Maji mengi kiasi hicho huchelewa kupata joto na huchelewa kupoa, ndiyo maana baridi yake kali kabisa huwa Februari na Machi, wakati nchi kavu imeshaanza kuchanua. Oktoba, watalii wengi wakiwa wameshaondoka, maji bado yana nyuzi 23 hivi. Kama shida yako ni kuogelea, nenda Oktoba, tumalizane.

Halafu kuna siku za upepo wa kusini. Unavuka kutoka Libya na vumbi la Sahara, anga inakuwa ya rangi ya chungwa, na joto linaweza kupita nyuzi 25. Mgeni anapiga picha, anawatumia ndugu, nao wananipigia: mbona ulisema kuna baridi? Upepo ukigeuka wa kaskazini, masweta yanarudi. Na hata siku ile ya vumbi, bahari ilikuwa palepale, 16.

Kwa nini basi nawapeleka watu Machi? Kwa sababu kisiwa si ufukwe tu. Krete ina urefu wa kilomita 260 hivi, na milima yake inapita mita 2,400. Mwezi huo Lefka Ori, Milima Myeupe, bado ina theluji kileleni huku miteremko ya chini ikiwa kijani kitupu. Aliyezuru Agosti akakuta majani yameungua hawezi kuamini kwamba ni mahali pale pale. Kuna anemoni, maua mekundu ya popi, na okidi ndogo zinazotaka uiname ndipo uzione.

Pita barabara ya kijijini asubuhi, mvua ikiwa imekatika, utamkuta mama amechuchumaa na kisu kifupi na mfuko wa plastiki, anachuma mboga za porini. Anakata chini kabisa, usawa wa udongo, ili majani yabaki yameshikana, anakung'uta, anatia mfukoni. Mojawapo ni stamnagathi, inayoota katikati ya miiba yake yenyewe, na uchungu wake ni ule wa mchunga wetu. Inachemshwa, inamiminiwa mafuta ya zeituni na limau. Agiza hiyo na mkate, kula polepole.

Machi 25 ni sikukuu mbili kwa pamoja: Bikira Maria kupashwa habari, na kumbukumbu ya vita vya uhuru wa Ugiriki vya 1821. Kuna gwaride la wanafunzi, na mezani samaki wa chumvi wa kukaanga na kitunguu saumu kilichopondwa. Knossos nayo, magofu ya kasri la kale, utaitembelea bila kusukumana. Korongo la Samaria, msiniombe: mto hulijaza maji, na kwa kawaida halifunguliwi hadi mwanzoni mwa Mei.

Jambo ambalo mimi mwenyewe sina amani nalo ni boti. Meli kubwa ya usiku kutoka Piraeus, bandari ya Athens, hadi miji ya Krete ya Heraklion au Chania husafiri mwaka mzima. Tatizo ni anayetaka kuunganisha Krete na kisiwa cha Santorini kwa boti ya kasi. Nyingi husimama majira ya baridi na hurudi taratibu, na upepo ukifika karibu daraja la 8 la Beaufort, kipimo cha nguvu za upepo, mamlaka ya bandari huzuia safari, boti za kasi zikitangulia kuzuiwa. Mtume Paulo alitia nanga kusini mwa kisiwa hiki hiki, Bandari Nzuri, na meli yake ilipoondoka upepo ukaichukua. Napanga ratiba, nalipia tiketi, na bado siwezi kumwahidi mtu kuvuka. Ninachofanya ni kuacha siku mbili wazi kabla ya ndege ya kurudi. Wapo wateja wanaoona nawapotezea muda, na pengine kwa baadhi yao ni kweli. Siku hizo siziondoi kwenye ratiba.

Na ukiniambia unataka Pasaka Krete, taja ni ipi. Mwaka 2027 ya kwetu ni Machi 28, ya Waorthodoksi ni Mei 2. Hoteli nyingi hungojea hiyo ya pili ndipo zifungue, na tiketi za meli wiki hiyo hugombaniwa. Maombi ya viza ya Schengen, ile ya kuingilia Ugiriki na nchi nyingi za Ulaya, hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari. Usiningojee hadi mwezi wa mwisho.