Je, wajua kwa nini Jaguar XJ ya 2004 bodi bado inang'aa halafu bei ni ya gari ndogo?

Ukipitia matangazo ya magari ya mtumba kule Uingereza lazima ukutane nayo tu. Jaguar XJ ya 2004 au 2005, viti vya ngozi, mbao za walnati kwenye dashibodi, sevisi zote zimeandikwa, na bei yake pauni elfu chache, yaani hela ambayo mwenzako ananunulia kagari ka kwendea sokoni. Ikiwa mpya, ile ya injini ya V8, yaani silinda nane, ilikuwa inavuka pauni 40,000. Watu wanashangaa mambo mawili kwa mpigo, mbona haina kutu na mbona ni rahisi hivo, na majibu yote mawili yanaanzia kwenye bodi.

XJ zilianza 1968 na kwa miaka yote ile zilikuwa za chuma. Sasa Uingereza wakati wa baridi wanamwaga chumvi barabarani ili barafu iyeyuke, na chumvi na chuma havipatani hata kidogo, inaanza kula kwenye matao ya tairi, inahamia chini ya milango, unakuja kushtuka kuna tundu. Ila hii iliyoanza kuuzwa 2003, ambayo wapenzi wa Jaguar wanaiita X350, bodi yake ni alumini, kitu kilekile cha sufuria zetu za jikoni, na ndo maana sufuria inaweza kukaa na maji usiku kucha na asubuhi huoni wekundu wowote. Alumini ikikutana na hewa inajitengenezea utando mwembamba sana wa oksidi, ule utando unaganda hapohapo na kuziba, hewa haipiti tena. Kutu ya chuma yenyewe inabanduka, inaacha chuma kipya wazi, nacho kinaliwa, na hivyohivyo mpaka kiishe.

Halafu alumini ina uzito wa karibu theluthi moja tu ya chuma kwa ujazo uleule. Kwa hiyo XJ hii ilitoka kubwa kuliko iliyoitangulia, urefu unapita mita 5, na bado ikawa nyepesi kuliko hiyo ya zamani, ya V6 (silinda sita) inacheza kwenye tani moja na nusu.

Mimi kinachonifurahisha zaidi ni jinsi walivyoiunganisha. Alumini kuichomelea kwa njia ya kawaida ya kiwandani ni shida, inapitisha joto haraka mno, ule utando wa oksidi unasumbua, na joto lenyewe linailegeza. So wakaazima njia ya watu wa ndege, gundi na ribiti, na ribiti ni zaidi ya 3,000 kwenye gari moja. Ribiti zenyewe hazihitaji tundu la kutoboa kabla, mashine inaisukuma kwa nguvu, inapasua bati la juu, ikifika kwenye bati la chini inatanuka kama mguu wa tembo ndani kwa ndani bila kutokezea upande wa pili, kwa hiyo maji hayapati njia. Ukifungua boneti na kuangalia kandokando utaziona, viduara vidogo vimepangwa mstari. Na bodi hizi zilitengenezwa Castle Bromwich, Birmingham, palepale walipokuwa wanaunda ndege za Spitfire wakati wa vita ya pili ya dunia.

Sasa kwa nini ni rahisi? Kwanza sura. Walitumia teknolojia mpya kabisa halafu wakaivalisha umbo la babu yake, wanunuzi wakaiona ya kizamani tangu siku ya kwanza, wakaenda kwa Wajerumani. Mi naona hawakuitendea haki. Pili, ikigongwa si kila fundi anaiweza, gereji zinazojua kazi zinatenga kabisa chumba cha alumini ili vumbi la chuma lisiiguse, na gharama hizo zinafanya bima iseme bora itupwe. Tatu ni springi za upepo, yaani za mpira uliojazwa hewa, ambazo X350 zote zimekuja nazo. Mpira wa springi ukizeeka unavuja taratibu, unaegesha jioni iko sawa, asubuhi kona moja ya mbele imekaa chini, na ukiiacha hivo kompresa inahangaika kujaza kila saa mpaka inaungua, hapo umeshaongeza bili ya pili juu ya ya kwanza.

Na tusidanganyane kwamba alumini haiozi kabisa. Pale inapoguswa na skrubu au kipande cha chuma, chumvi ikiingia katikati, alumini ndo inayoliwa, rangi inavimba malengelenge na chini yake unakuta unga mweupe. Pitisha kidole kwenye kingo za milango na matao ya tairi kabla hujaongea bei.

Kuhusu iliyotunzwa, mimi siamini mileji ndogo peke yake. Gari iliyokaa miaka bandani inakausha mipira. Bora iliyotembea kidogokidogo kila wiki na ina karatasi. Uingereza kuna ukaguzi wa kila mwaka, MOT, na historia yake inasomeka bure mtandaoni kwa kuweka namba ya gari tu, utaona mileji kila mwaka na kila kasoro waliyoandika. Uliza pia kama oili ya gia boksi ishawahi kubadilishwa, ile ya gia sita iliyotengenezwa na kampuni ya Kijerumani ya ZF, maana wengi waliambiwa imejazwa ya maisha wakaiacha, wakati ZF wenyewe wanashauri ibadilishwe.

Kingine ni tarehe. Ya petroli iliyosajiliwa kabla ya 23 Machi 2006 ushuru wake wa barabara umewekewa ukomo, ya baada ya hapo unalipa mamia ya pauni zaidi kila mwaka kwa gari ileile. Ya diseli inakula mafuta kidogo ila haifikii Euro 6, kiwango cha Ulaya cha moshi, so ukiingia nayo London unalipa kila siku. Na kwa Wakenya wa huko wanaowaza kuisafirisha nyumbani, sheria ya Kenya ya kutoingiza gari lililozidi miaka 8 imeshaifungia mlango zamani. Ningekuwa naishi Coventry au Leicester ningetafuta V8 ya lita 4.2 ya 2005, na hela ya springi mbili za mbele ningeiweka pembeni siku hiyohiyo ya kununua.