Je, wajua kwa nini mwezi ukichomoza huonekana mkubwa kama sinia?

Usiku wa mwezi mpevu, simama ufukweni uangalie mashariki. Unachomoza baharini mwekundu, mkubwa kama sinia la pilau. Ikifika saa sita usiku uko utosini, kisahani cha kikombe tu.

Sasa chukua punje ya mbaazi, nyoosha mkono, fumba jicho moja. Punje itaufunika mwezi ule wa jioni, na itaufunika huu wa utosini vilevile. Kumbe haukupungua! Tena ukiwa utosini ndipo ulipo karibu nasi zaidi, kwa kilomita kama 6,000. Wanaosema hewa ndiyo inayoukuza nao wamekosea. Hewa huubonyeza kidogo tu, ukawa bapa.

Edwin Boring, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alitaka kipimo. Mwaka 1940, yeye na Alfred Holway walitoa matokeo yao: mtu anautazama mwezi, kisha anachagua duara la mwanga lililo karibu naye analoona linalingana nao. Kwa mwezi wa chini, watu walichagua duara kubwa mara moja na nusu hadi mara mbili ya lile la mwezi wa juu. Boring akasema sababu ni kuinua macho, kwa kuwa mtu akilala chali mwezi wa utosini humwonekea mkubwa.

Vipimo vilisimama, sababu ikayumba. Mwaka 1962 wanasaikolojia Lloyd Kaufman na Irvin Rock walitumia miezi ya bandia, wakaona kuinua macho hakuna uzito mkubwa. Kwao, kinachotuhadaa ni bahari, minazi na mapaa yaliyotandazwa kati yetu na mwezi. Ubongo ukiona umbali mrefu hivyo, hukikuza kilicho mwisho wake. Kunja karatasi iwe bomba, uchungulie mwezi peke yake: unanywea palepale.

Nami naona Boring alilikaribia jibu hili bila kulishika. Mwaka 1941, yeye na Holway waliweka maduara ya mwanga kwenye korido, mita 3 hadi 36. Watu walikadiria ukubwa wake vizuri ajabu, mpaka walipofichwa kuta na sakafu. Hapo ukubwa wa kweli ukawapotea.

Ila kuna fundo moja linalowasumbua wataalamu hadi leo. Muulize mtu mwezi upi uko mbali zaidi, atakujibu ule wa juu, ilhali kwa maelezo haya ubongo ungeuona wa chini ndio ulio mbali.